Ngozi nyeti na vipodozi vya asili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Uso unaniwaka sasa hivi. Nianze na nini?

Anza na maji. Osha kwa maji yenye ubaridi kidogo, taratibu, bila kusugua. Dakika 10 si nyingi, na kama kilichokuunguza ni siki, ndimu au kitunguu saumu, fika hata 20. Mafuta hayatoki kwa maji matupu, kwa hiyo yafute kwanza kwa kitambaa laini, tumia sabuni kidogo isiyo na harufu, kisha suuza.

Halafu acha kupaka kila kitu. Ninaposema kila kitu ninajumlisha tona, seramu, maji ya waridi na "yale mafuta mengine ambayo huwa hayanisumbui". Baki na maji na vaselini tupu isiyotiwa manukato. Kitambaa safi kilichochovywa maji baridi, ukikilaza usoni dakika 10 mara kadhaa kwa siku, hupoza vizuri. Duka la dawa lina krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1. Inasaidia, lakini kwa siku chache tu, wiki isizidi, na isikaribie kope. Kama aliyeungua ni mtoto au una ujauzito, muulize mfamasia kabla ya kupaka.

Usijaribu kutuliza kwa mmea mwingine. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, lakini hawakuwa wakizungumzia uso uliobabuka.

Midomo, ulimi au kope zikivimba, sauti ikikwama, pumzi ikiwa fupi au kizunguzungu kikikushika, acha kusoma na utafute huduma ya dharura. Vilevile muone daktari siku hiyohiyo kama kitu kimeingia jichoni, kama kuna malengelenge mapana, usaha au homa.

Lakini kilikuwa cha mimea mitupu. Imekuwaje kinidhuru?

Upupu nao ni mmea mtupu. Utomvu wa mnyaa ni wa asili kabisa, na unaweza kuharibu jicho.

Mmea hauna miguu ya kukimbia wala mikono ya kujitetea. Silaha yake ni kemia. Nyingi ya harufu tunazozipenda kwenye majani na maganda zimo humo kwa kazi maalumu: kumfukuza mdudu, kuua kuvu, kumkatisha tamaa mnyama anayetaka kutafuna. Sisi tunazikamua, tunazikoleza mara nyingi kuliko zilivyo kwenye jani lenyewe, kisha tunazipaka mashavuni na kushangaa kwamba zinafanya kazi yake.

Kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui. Mtu hukwepa krimu ya dukani kwa sababu lebo ina viungo 20, akachagua chupa ya mafuta ya lavenda kwa sababu ina kimoja. Lakini hicho kimoja ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, makumi kwa makumi, na uwiano wake hubadilika kwa udongo, msimu, namna ya kukamua na muda uliokaa kwenye chupa. Mchele mmoja, mapishi mengi. Chupa uliyonunua mwaka huu si lazima ifanane na ya mwaka jana.

Ngozi haisomi lebo. Haiulizi kitu kimetoka shambani au maabara. Inapokea molekuli, na kinachoamua ni nguvu ya molekuli hiyo, muda itakaokaa juu yake, na kama waliwahi kukutana.

Ngozi nyeti ni ipi hasa?

Si jina la ugonjwa mmoja. Ni ngozi inayochoma, kuwasha au kukaza kwa vitu ambavyo mwenzako anapaka bila kuhisi chochote. Mara nyingine hata hakuna cha kuonekana, ila mwenyewe anajua.

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kama ukuta: seli bapa zilizokufa ndizo matofali, na katikati yake kuna mafuta ya ngozi yenyewe (seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta) yanayoshika kama udongo wa kujengea. Ukuta huu ni mwembamba kuliko karatasi. Ukiwa mzima, unyevu haukimbii na vya nje haviingii. Ukiwa na nyufa, hata maji ya chumvi yanachoma.

Wengine huzaliwa na nyufa hizo. Baadhi ya watu wenye ukurutu, ule ambao wengine huuita pumu ya ngozi, wana kasoro kwenye jeni inayotengeneza protini iitwayo filagrini, na ukuta wao haujawahi kushikana sawasawa. Wengine wana rozasea, ugonjwa wa uso unaowaka na kuwa mwekundu. Na kuna kundi kubwa, ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko linavyojikubali, la watu waliojitengenezea ngozi nyeti wenyewe kwa kusugua, kuchubua na kubadilisha bidhaa kila mwezi. Hao wana bahati, kwa sababu ukuta wakiuacha bila kuuchokoza utajijenga upya.

Nitajuaje kama ni mwasho tu au ni mzio?

Angalia saa, kisha angalia mipaka.

Mwasho wa kawaida ni jeraha la kemikali. Hauhitaji kinga ya mwili kuhusika, na yeyote akipaka kitu kikali kiasi cha kutosha ataupata. Huanza ndani ya dakika au saa chache, huchoma zaidi ya kuwasha, na hukaa pale pale kilipopakwa kitu. Sehemu kubwa ya matatizo ya vipodozi ni haya, si mzio.

Mzio wa mgusano ni kazi ya seli za kinga. Huchelewa. Unapaka Jumatatu, Jumanne uko sawa, Jumatano au Alhamisi uso unavimba, na wakati huo unalaumu sabuni uliyotumia Alhamisi asubuhi. Kwa kawaida ni saa 48 hadi 72. Huwasha sana, huweza kutoa vilengelenge vidogo, na huvuka mipaka: umepaka shingoni, kope zinavimba. Kope ni nyembamba kiasi kwamba mara nyingi ndizo za kwanza kulalamika, hata kwa kitu kilichofikishwa pale na vidole tu.

Aina ya tatu ni ile ya papo kwa papo, vivimbe kama vya kuumwa na mbu vinavyotokea ndani ya dakika chache na kupotea ndani ya saa moja au mbili. Inaonekana ndogo kwa kuwa inaondoka yenyewe, lakini ndiyo inayoweza kugeuka kuwa dharura. Mtu wa aina hii asifanye majaribio nyumbani.

Kwa nini kutofautisha kuna maana? Kwa sababu kitu kilichokuwasha kwa ukali wake unaweza kukitumia tena kikipunguzwa makali, au ngozi ikishapona. Kilichokuletea mzio huwezi. Kinga ikishakikariri, kwa kawaida hukikumbuka maisha yote, na safari inayofuata kitahitajika kidogo zaidi kuamsha vita.

Nimetumia mafuta haya miaka miwili bila shida. Mbona leo?

Hili ndilo swali linalowakera watu kuliko yote, na mara nyingi hulisindikiza na hitimisho: "Basi si mafuta haya." Pole, lakini yanaweza kuwa ndiyo hayo hayo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mzio haujitokezi siku ya kwanza. Kinga lazima kwanza ikutane na kitu, ikikariri, iandae jeshi. Hatua hiyo ya kimya huchukua siku 10 hadi 14 kwa uchache, lakini inaweza kuja baada ya miezi au miaka ya kupaka kila siku. Kwa hiyo kutumia kitu kwa muda mrefu hakukuhakikishii chochote. Pengine ni muda huo mrefu ndio uliokufikisha hapa.

Sababu ya pili imo ndani ya chupa. Mafuta mengi yenye harufu ya machungwa yana limonini, na ya lavenda yana linaloli. Zikiwa mbichi, hizi mbili si wachokozi wakubwa. Zikikutana na hewa huoksidika na kugeuka haidroperoksidi, ambazo ni wachokozi hasa. Mafuta ya Melaleuca alternifolia (tea tree), yale makali yanayopakwa kwenye chunusi, huzeeka vivyo hivyo. Chupa iliyofunguliwa muda mrefu, inayokaa dirishani na kifuniko kimelegea, si mafuta yale uliyonunua. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu juu ya chupa, uiweke gizani na mahali pa baridi.

Sababu nyingine ni za kawaida zaidi. Mtengenezaji amebadilisha mchanganyiko bila kutangaza (mgema akisifiwa tembo hulitia maji). Au wewe umebadilika: hewa imekuwa kavu, umeanza dawa ya chunusi yenye retinoidi (dawa za jamii ya vitamini A), umenyoa. Ukuta umepata nyufa, na kilichokuwa kikiteleza juu sasa kinaingia.

Ni viungo gani vya asili vinavyosumbua zaidi?

Mafuta makali ya harufu ndiyo yanaongoza, na ndani yake mdalasini na karafuu wako mstari wa mbele kwa sababu ya kemikali zao, sinamaldehidi na yujinoli. Mnanaa hupoza, kisha huchoma. Ubaridi ule ni menthol inayochezea neva, ngozi haijapoa hata kidogo.

Zinafuata dawa zinazosifiwa kwa upole. Kamomili, kalendula na arnika hutoka familia moja ya mimea, ya alizeti na maua ya daisi, na mtu mwenye mzio wa mmoja anaweza kuukataa mwingine ambao hajawahi kuutumia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kinga ya mwili ina woga huohuo: kinachofanana na adui huchukuliwa kuwa adui. Ndivyo ilivyo kwa zeri ya Peru, utomvu wa mti wa Amerika ya Kati, ambao ndugu zake wa kikemia wamo kwenye mdalasini, karafuu na vanila.

Vitu vya nyuki navyo. Asali na nta kwa kawaida hazina neno, lakini propoli, ile gundi nyeusi ya mzinga, ni mchokozi anayejulikana vizuri na madaktari wa ngozi. Lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo, iko kwenye mafuta mengi ya midomo na ya chuchu za wanaonyonyesha. Wengi inawafaa. Wenye ukurutu wa miaka mingi ndio wanaoelekea kuikataa, na chama cha Marekani cha wataalamu wa mizio ya mgusano kiliitangaza kuwa mchokozi wa mwaka 2023.

Hata nazi ina mjukuu msumbufu. Povu la shampuu nyingi "za nazi" hutokana na kokamidopropili betaini, ambayo chama hichohicho kiliitangaza mwaka 2004. Nayo inatoka kwenye nazi kweli. Njiani ilipita kiwandani.

Ndimu na limau vinang'arisha. Kuna ubaya?

Upo, na niliulipia. Niliwahi kupaka maji ya ndimu shingoni ili kuondoa weusi, nikatoka juani. Siku hiyo hakukutokea kitu. Kesho yake shingo ilianza kuchoma, na siku ya tatu nilikuwa na michirizi iliyoiva pale ambapo maji yalichuruzika, kana kwamba nimechapwa kiboko. Nililaumu mafuta ya kukinga jua. Michirizi ilibaki kuwa myeusi kwa miezi, myeusi kuliko weusi niliokuwa nauondoa.

Ndimu, bergamoti (tunda la jamii ya machungwa), seleri na utomvu wa mtini vina kemikali iitwayo furanokumarini. Kitu hiki kikiwa juu ya ngozi kisha kikapigwa na mionzi ya jua ya UVA, huunguza. Hakihitaji mzio wala ngozi nyeti, yeyote huungua. Dalili huja baada ya saa 24 hivi na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu, ndiyo maana mtu hakumbuki ndimu.

Na bila jua je? Maji ya limau yana pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali) ya karibu 2. Ngozi yako inaishi kati ya 4.5 na 5.5, na kila namba moja kwenye kipimo hiki ni tofauti ya mara 10. Piga hesabu mwenyewe.

Bekingi soda, siki, kitunguu saumu, sukari ya kusugulia?

Bekingi soda iko upande wa pili wa kipimo, pH 8 na zaidi, na huvuruga asidi inayoulinda ukuta. Siki isiyozimuliwa na kitunguu saumu kibichi vimewahi kuwaacha watu na majeraha ya kuungua kabisa, hasa walipofunga kwa kitambaa usiku kucha. Sukari na chumvi zina kingo kali. Kwa miguu sawa, kwa uso wenye matatizo hapana. Kitu kuliwa salama hakimaanishi kupakwa salama, maana pilipili nayo tunaila.

Basi nipake mafuta gani?

Yale yenye machache ndani yake. Mafuta ya alizeti yana asidi ya linoleiki nyingi, ambayo ngozi huitumia kujenga ukuta wake, na kwa ngozi kavu huwa chaguo jema. Mafuta ya zeituni, pamoja na heshima zake zote, yana asidi ya oleiki nyingi, na hiyo hulegeza ule udongo kati ya matofali. Kwa mwenye ukurutu siyapendekezi, najua wengi hawatanisikia. Mafuta ya nazi ni mazuri mwilini kwa watu wengi, ila usoni huziba vinyweleo vya wenye chunusi. Siagi ya shea isiyotiwa manukato huwafaa wengi.

Na vaselini. Wapenzi wa vitu vya asili huikwepa kwa kuwa inatokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, lakini hebu fikiria hili: madaktari wanapopima mzio, huchanganya vichokozi ndani ya vaselini nyeupe kwa sababu ni nadra sana ngozi kuikataa yenyewe. Imekuwapo tangu karne ya 19. Haina harufu nzuri wala hadithi nzuri, na pengine hilo ndilo kosa lake pekee.

Mafuta ya harufu je, nikiyapunguza makali? Kwa mwili wa mtu asiye na shida, asilimia 1, yaani kama matone 6 kwenye mililita 30 za mafuta ya kawaida, ni kiwango cha tahadhari. Kwa uso nyeti mimi nasema sifuri.

Na mshubiri?

Ute ule mweupe wa katikati huwatuliza wengi. Tatizo ni ule utomvu wa njano ulio chini ya ganda, ambao una aloini na huwasha. Ukikata jani mwenyewe, lisimamishe liuvuje wote, menya vizuri, suuza ute kabla ya kupaka. Ya kwenye chupa, soma lebo: nyingine zimejaa kileo na manukato.

Muuzaji ananiambia nivumilie, ngozi inatoa sumu.

Mwambie asante, kisha acha kupaka. Ngozi haitoi sumu kwa njia ya vipele. Kazi ya kuchuja ni ya ini na figo.

Kuna jambo la kweli ambalo maneno hayo yameazimwa kutoka kwake: retinoidi na baadhi ya asidi huharakisha ngozi kujibadilisha, na mwanzoni chunusi zilizokuwa zinajiandaa chini hutoka kwa pamoja, pale pale zinapotokaga siku zote, kwa wiki chache. Mafuta, sabuni ya mitishamba na udongo wa kujipaka havifanyi kazi hiyo. Vikikutoa vipele mahali ambapo huna desturi ya kuvipata, vikikuwasha, vikikuchubua, hayo ni madhara. Kumwambia mtu avumilie ni kumtaka aendelee kununua.

Krimu ya mitishamba imeniponya ndani ya siku tatu, lakini nikiacha tu inarudi mara mbili. Kwa nini?

Nina wasiwasi na hiyo krimu. Upele wa miaka ukipotea kwa siku tatu, ngozi ikawa laini na nyeupe kuliko mwili mwingine, kisha ukilipuka kila unapoacha, huo ndio mwenendo wa steroidi kali, dawa ya kuzima uvimbe wa ngozi. Mara nyingi maabara zimekuta krimu zinazouzwa kama za mitishamba zina klobetasoli, moja ya steroidi hizo kali, ambayo haikuandikwa popote. Za kung'arisha nazo zimekutwa na zebaki, ambayo hupita kwenye ngozi na kuumiza figo.

Usiiache ghafla ukabaki peke yako na mlipuko kama umeipaka kwa miezi. Ichukue, pamoja na kopo lake, umpelekee daktari wa ngozi akupangie namna ya kushuka. Ikiwa inashukiwa kuwa na zebaki, acha mara moja na umwambie pia, kwa kuwa wengine nyumbani wanaweza kuwa wameigusa kupitia taulo na mikono yako.

Lebo inasema "haileti mzio", "bila kemikali", "imepimwa na madaktari". Niamini?

Maneno haya yana uzito mdogo. Mwaka 1975 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilijaribu kuyawekea masharti maneno "haileti mzio": mtengenezaji athibitishe kwa vipimo. Watengenezaji wakaenda mahakamani, na mwaka 1977 mahakama ya rufaa ikaifuta kanuni hiyo. Tangu hapo maneno hayo kule yanamaanisha anachotaka mwenye kuyaandika. Na "bila kemikali" ni upuuzi, maji ni kemikali.

Kuna mtego mwingine. "Haina harufu" si sawa na "haikutiwa manukato". Ya kwanza inaweza kuwa imetiwa manukato ya kufunika harufu nyingine.

Geuza kopo usome nyuma. Viungo huandikwa kwa majina ya kimataifa, mimea kwa Kilatini: Citrus limon ni limau, Mentha piperita ni mnanaa, Cocos nucifera ni nazi. Ukiona Parfum, ni mchanganyiko wa harufu usioelezwa. Umoja wa Ulaya ulianza kwa kulazimisha vichokozi 26 vya harufu vitajwe kwa jina, pindi vinapozidi asilimia 0.001 kwenye vitu vya kubaki mwilini na 0.01 kwenye vya kusuuza, na mwaka 2023 ukapanua orodha hiyo hadi zaidi ya 80. Kwa hiyo usishtuke ukiona krimu "ya asili" kutoka huko ina Linalool, Limonene, Geraniol na Citral mwishoni mwa lebo. Si lazima viwe vimeongezwa kiwandani. Mara nyingi vilikuja na mimea.

Kijipicha cha kopo lililofunguliwa chenye 6M au 12M ni miezi ya kutumia baada ya kufungua. Na kitu chenye maji kisicho na kihifadhi chochote ni shamba la bakteria; cha kutengeneza nyumbani kiwe cha kutumika siku hiyo.

Nijaribu vipi kabla ya kupaka usoni?

Kupaka nyuma ya mkono na kusubiri dakika 10 hakutoshi. Umeshaona mzio huchukua siku. Paka kidogo kwenye upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, eneo la sentimita 3 hadi 5, mara 2 kwa siku, kwa siku 7 mfululizo, ukiweza 14. Pale pale, usihame. Ikipita salama, sogea chini ya taya kwa siku chache. Kisha uso. Kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua nani mkosaji.

Vya kusuuza, visuuze kama kawaida. Mafuta ya harufu yasiyozimuliwa usiyajaribu hivyo kabisa.

Ngozi yangu ni nyeusi na sioni wekundu wowote. Ina maana hakuna tatizo?

Hapana. Maelezo mengi ya matatizo ya ngozi yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe huonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliokolea, na mara nyingine hauonekani ila unashikika: joto, ugumu, mikwaruzo midogo kama punje. Tumia vidole na amini unachohisi.

Ngozi nyeusi pia hulipa baadaye. Mwasho wa siku tano unaweza kuacha doa la miezi mitano, na mtu akikimbilia kulichubua kwa kitu kikali kingine, anaanza upya. Doa hilo linahitaji muda na kinga ya jua.

Kwa mtoto mchanga je, si vya asili ndivyo salama?

Kwa mtoto ndipo ninapokuwa mkali zaidi. Ngozi yake ni nyembamba, na iliyo na ukurutu ni mlango wazi. Tafiti zimehusisha kupaka mafuta ya karanga kwenye ngozi ya watoto yenye upele na mzio wa karanga baadaye. Japani kulikuwa na sabuni ya uso iliyotiwa protini ya ngano. Zaidi ya watu 2,000, watu wazima waliokuwa wakila ngano maisha yao yote, walianza kuikataa tumboni baada ya kuisugua usoni. Iliondolewa sokoni mwaka 2011. Kwa mtoto, acha vyakula mezani, acha mafuta ya harufu kwenye chupa.

Daktari wa ngozi atanifanyia nini?

Atauliza maswali mengi, kisha huenda akakupima kwa viraka, njia ambayo daktari wa ngozi wa Ujerumani, Josef Jadassohn, aliieleza mwaka 1895 na ambayo msingi wake haujabadilika sana. Vichokozi hubandikwa mgongoni, hukaa saa 48 bila kuloweshwa, hubanduliwa na kusomwa, kisha husomwa tena siku ya tatu au ya nne, wakati mwingine hata ya saba. Kinachokera ni kutooga mgongo. Usiende na mgongo uliopakwa steroidi, na umwambie dawa zote unazokunywa.

Kipimo cha kuchoma ngozi kwa kisindano ni kwa ule mzio wa papo kwa papo, hakitaonyesha huu unaochelewa.

Nikishapona, nirudie lini?

Ngozi hujibadilisha kwa siku 28 hivi kwa kijana, zaidi kwa mtu mzima. Hesabu mwezi tangu siku dalili zilipoisha, ukitumia kisafishaji cha uso kisicho kikali na kilainishi kimoja tu. Wengi wanapofika hapo hugundua hawahitaji vile vingine.

Chupa zilizobaki nizifanyeje?

Usizitupe kabla ya kumwona daktari. Zibebe zote na maboksi yake, kwa sababu kukumbuka "ilikuwa ya kijani, ina jani" hakusaidii. Usimpe jirani. Na vipimo vikionyesha una mzio wa manukato, hata kufukizia mafuta hayo chumbani acha, yanaelea hewani na kope zitayaona kabla yako.